Ugumba Si Kosa la Mke: Neno kwa Waume wa Masisi na Walikale

Katika milima ya Masisi na katika misitu ya Walikale kuna hukumu moja isiyo na hakimu, isiyo na shahidi, wala rufani. Mwanamke akikaa katika ndoa miaka miwili au mitatu asipate mimba, amekwisha kuhukumiwa. Mama mkwe aanza kusema kwa mafumbo. Mashemeji waacha kumsalimu vizuri. Majirani wawaita watoto wao ndani akipita, ati jicho la mgumba lina husuda. Mwishowe mume, ambaye aliahidi mbele ya altare kumpenda katika raha na katika shida, atafuta mke mwingine ng'ambo ya mlima, au amrudisha yule wa kwanza kwao na kudai mahari yake. Kesi imekwisha. Hakuna aliyeuliza neno moja juu ya mwili wa mwanamke huyo. Na juu ya mwili wa mume ndiyo kabisa hakuna aliyethubutu kuuliza.

Wasomaji wapenzi, makala hii yaipinga hukumu hiyo. Yaipinga kwa sababu imesimama juu ya uongo. Na uongo huo wavunja ndoa zilizobarikiwa, watia wanawake wasio na hatia katika aibu, na wawafaa watu wachache tu, nao ni wauza dawa na wauza miujiza. Kelele peke yake hazitauondoa. Na tuutoe nje mmoja mmoja, tuuweke juani, kila mtu autazame.

UONGO WA KWANZA: KWAMBA KOSA NI LA MKE

Wazee wetu walikuwa wakulima na wafugaji, nao walijua vizuri kuliko sisi kwamba shamba peke yake halizai. Mtu akipanda maharagwe yasiote, huangalia udongo, tena huangalia mbegu. Huenda zililiwa na wadudu ghalani. Mfugaji wa Masisi, ng'ombe wake wasiposhika mimba, hubadili dume kabla hajayauza majike yote. Lakini mtu huyohuyo akiingia nyumbani mwake, husahau elimu yote ya zizini.

Madaktari wamelichunguza jambo hili katika nchi nyingi: karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto zina kasoro upande wa mume, ama peke yake, ama pamoja na mke. Kisonono kilichoachwa bila dawa, matubwitubwi yaliyompata kijana baada ya kubalehe, mishipa iliyovimba katika pumbu, hayo yote yaweza kumnyima mume uwezo wa kuzalisha, ingawa nguvu zake za kiume zimo kamili. Na kipimo chake ni rahisi kuliko vipimo vyote vya ugumba: kikombe kidogo, hadubini, na saa moja au mbili za fundi wa maabara. Hakuna kisu, hakuna damu. Hadubini hiyo ni ileile inayotafuta vijidudu vya malaria. Na kama dhamiri ya Mkristo yamsumbua juu ya namna ya kuzipata mbegu, na awaulize padre na daktari. Zipo njia zinazoheshimu tendo la ndoa.

Lakini ni nani kati ya waume wetu anayekwenda? Badala ya kupimwa, aoa wa pili, halafu wa tatu. Na wote watatu wakikosa mimba, ati wote watatu wamelogwa. Mtu wa namna hiyo aharibu maisha ya wanawake watatu ili aepuke kikombe kimoja.

Wanyanga wa Walikale wana hadithi yao kubwa ya Mwindo, ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu mwaka 1969. Humo mwami Shemwindo awaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Na mke wake mpendwa amzaliapo mwana wa kiume, baba ataka kumwua mtoto huyo. Wasimulizi wa msituni waliijua tabia hii tangu zamani: mwanamume ataka kulitawala tumbo la mkewe kwa amri, na mambo yakienda kinyume cha amri yake, mwingine ndiye anayelipa. Tena katika hadithi hiyo anayekimbia na kuaibika ni baba, wala si mama. Na baadaye akiri kosa lake mbele ya watu. Babu zetu walikuwa na haki zaidi kuliko sisi.

UONGO WA PILI: KWAMBA MAUMIVU YA MWEZI NI KAWAIDA YA WANAWAKE

Msichana wa shule analala chini kila mwezi siku mbili au tatu, anatapika, hawezi kwenda shambani wala darasani. Mama yake amwambia: "Vumilia, utakapozaa yatakwisha." Shangazi ampa mizizi. Akiolewa, tendo la ndoa lamwumiza, naye aona haya kusema. Mume adhani hampendi. Akienda haja kubwa katika siku za mwezi, maumivu yamchoma kama kisu. Miaka yapita, na mimba haiji. Ndipo watu wasema: amelogwa.

Katika wanawake wa namna hii wako wengi wenye ugonjwa ambao madaktari wauita endometriosi. Jina ni gumu, lakini jambo lenyewe laeleweka. Ndani ya tumbo la uzazi mna utando laini ambao kila mwezi hunenepa ukingojea mimba, na mimba isipokuja hutoka pamoja na damu. Katika wanawake wengine, nyama iliyo kama utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya vifuko vya mayai, nyuma ya tumbo la uzazi, juu ya mirija, hata juu ya matumbo na kibofu. Ni kama mbegu za magugu zilizopeperushwa na upepo zikaota katika shamba la jirani. Kila mwezi nyama hiyo nayo huvuja damu, lakini damu haina mlango wa kutokea. Basi huvimbisha, huchoma, huacha makovu. Makovu hugandamanisha viungo vilivyopaswa kusogea kwa uhuru, na mrija hauwezi tena kulipokea yai. Damu nyingine hukusanyika katika kifuko cha mayai na kufanya uvimbe uliojaa maji mazito mekundu meusi.

Daktari mmoja wa Marekani, John Sampson, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu vizuri na kuupa jina hilo katika miaka ya 1920. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba karibu mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa anao, yaani watu milioni 190 duniani. Si wote wanaoumwa, na si wote wanaokosa watoto. Wengi wenye ugonjwa huu huzaa. Lakini kati ya wanawake wanaotafuta mimba bila kuipata, ugonjwa huu waonekana mara nyingi zaidi.

Wakristo wenzangu, mahali ambapo kila mwanamke wa kumi anaweza kuwa na ugonjwa wenye jina, wenye sababu na wenye matibabu, ni dhambi kumtafuta mchawi. Jirani mzee asingiziwa bure, na mgonjwa abaki na ugonjwa wake.

UONGO WA TATU: KWAMBA HUU NI UGONJWA WA WAZUNGU

Wako hata wasomi wanaosema hivi: endometriosi ni ugonjwa wa wanawake wa Ulaya, wale wanaochelewa kuolewa kwa ajili ya kazi za ofisi. Uongo huu hawakuutunga wenyewe. Uliandikwa zamani katika vitabu vya udaktari vya Marekani. Madaktari wa huko walifundishwa kwamba mwanamke mweusi akiwa na maumivu ya chini ya tumbo, basi ana maambukizi ya zinaa, na apewe dawa za maambukizi. Hawakumtazama ndani, walimtazama ngozi.

Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago aliandika juu ya endometriosi katika wanawake weusi. Aliwatazama wagonjwa wake weusi ndani ya tumbo kwa chombo cha kuonea, akaikuta katika karibu mmoja kati ya kila watano, na wengi kati yao walikuwa wameambiwa hapo awali kwamba wana maambukizi. Hivyo kila mwezi walimeza dawa isiyo yao, na juu ya maumivu wakaongezewa sifa mbaya ya uasherati.

Je, hapa kwetu mambo ni tofauti? Mwanamke aenda katika kituo cha afya mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na kila mara hurudi na vidonge vilevile vya maambukizi. Muuguzi hana makosa. Hana chombo cha kuona zaidi, na dawa aliyo nayo ndiyo anayotoa. Lakini mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa hizo mara tatu, na kila mwezi maumivu yarudi siku zilezile, yafaa aandikiwe barua kwenda mbele. Kumrudisha nyumbani mara ya nne si kumtibu.

Pamoja na hayo tusitoke katika uongo mmoja tukaingia katika mwingine, tukasema kila ugumba wa Kivu ni endometriosi. Sivyo. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilichunguza sababu za ugumba katika nchi nyingi, likaona kwamba katika Afrika mirija iliyozibwa na maambukizi ilikuwa sababu kubwa kuliko mahali pengine. Sisi Wakongo tulikuwa na ushahidi wetu tangu zamani: hesabu ya watu ya miaka 1955 hadi 1957, aliyoishughulikia mtaalamu Anatole Romaniuk, ilionyesha sehemu za kaskazini ya nchi ambamo wanawake wengi walifika uzee bila kuzaa hata mara moja. Watu wa huko hawakulaaniwa. Magonjwa ya zinaa yalikuwa yamepita humo. Kisonono, klamidia, uchafu ulioingia wakati wa kuzaa au baada ya mimba kutoka, kifua kikuu kilichoshuka mpaka kwenye mirija: hayo yote huziba njia ya yai.

Na hapa lazima tuseme neno zito. Katika Masisi na Walikale wako wanawake ambao maambukizi hayo waliletewa kwa nguvu na watu wenye bunduki. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti mwaka 2010, katika vijiji vya njia ya Kibua na Mpofi huko Walikale, watu zaidi ya 300 walibakwa kwa siku chache tu. Umoja wa Mataifa uliyaandika hayo. Mambo kama hayo hayakuanza mwaka ule, wala hayakuishia hapo. Basi mwanamke aliyejeruhiwa hivyo, akapona bila kutibiwa vizuri, akakosa mimba, halafu akafukuzwa na mumewe kwa kukosa mimba, ameadhibiwa mara mbili kwa dhambi ya mtu mwingine. Mume anayemfukuza aimalizia kazi wale waliomjeruhi.

MATIBABU YENYEWE

Sasa na tuseme juu ya matibabu, maana waganga wa kienyeji husema kwamba hospitali haina dawa ya ugumba. Ipo, ingawa haiponyi wote.

Tangu miaka ya 1940 daktari Raoul Palmer wa Paris alionyesha kwamba mtu aweza kuwatazama wanawake ndani ya tumbo bila kulipasua lote. Hufanywa hivi: mgonjwa hulazwa usingizi, karibu na kitovu hukatwa tundu dogo, kama upana wa kidole, tumbo hujazwa hewa safi ya kaboni ili viungo viachane, halafu huingizwa bomba jembamba lenye taa na kamera. Daktari huona yote katika kioo kama cha televisheni. Vyombo vingine vidogo huingia katika matundu mawili au matatu ya chini. Njia hii huitwa laparoskopi.

Mwaka 1960 Theodore Maiman wa Kalifornia alitengeneza leza ya kwanza, yaani mwanga uliokusanywa ukawa mwembamba na wenye nguvu, uwezao kukata kama ncha ya moto. Mwaka 1979 daktari Bruhat na wenzake wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, waliandika jinsi walivyoupitisha mwanga huo katika bomba la laparoskopi. Mwaka 1986 Camran Nezhat, daktari mzaliwa wa Iran afanyaye kazi Marekani, alitangaza matokeo ya wanawake wenye endometriosi aliowatibu kwa leza na kamera. Uzuri wa leza ya kaboni ni huu: nguvu yake hunywewa na maji yaliyomo katika nyama, kwa hiyo huunguza juujuu tu, na daktari aweza kuyaondoa magugu yaliyo juu ya mrija au utumbo bila kuchoma sana kilicho chini. Makovu yaliyogandamana hukatwa, viungo huachiliwa. Mgonjwa wengi hurudi nyumbani siku ileile au kesho yake, na jeraha ni dogo kuliko la kumzaa mtoto kwa kisu.

Je, hupata mimba? Mwaka 1997 madaktari wa Kanada walitangaza uchunguzi wao juu ya wanawake 341 wasiopata mimba, wenye endometriosi ndogo. Wote walitazamwa kwa kamera. Kwa kura wengine waliondolewa magugu hayo, wengine hawakuondolewa. Katika 172 walioondolewa, 50 walipata mimba iliyokaa zaidi ya majuma ishirini. Katika 169 wasioondolewa, 29 tu. Uchunguzi mdogo zaidi wa Italia, uliotangazwa mwaka 1999, haukuona faida hiyo. Haya ndiyo maneno ya kweli, na mtu mwaminifu huyasema yote mawili.

Kwa hiyo yeyote atakayekuja kwetu na kusema leza huponya kila mgumba, naye mfukuzeni. Leza ni chombo. Mkasi mwembamba na umeme, katika mkono wa fundi hodari, hufanya kazi ileile, na hakuna anayeweza kuapa kwamba leza huvishinda. Ugonjwa waweza kurudi. Kifuko cha mayai kikikatwa vibaya, mayai hupungua. Mkono na jicho la daktari ndivyo vya kutafutwa kwanza, kisha chombo.

"WATU WANAKUFA, NINYI MWASEMA UGUMBA"

Hapa watu wenye akili na huruma watatujibu: "Ndugu, tazameni nchi. Januari 2025 Goma ilitekwa, Februari Bukavu, na Machi vita vikafika Walikale mjini. Watu wamekimbia mara tano na mara sita, kipindupindu chaua kambini, mama wafa wakizaa kwa kukosa damu. Na ninyi mwataka leza?"

Hoja hii ni nzito, nayo yastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba anayetokwa na damu hutangulia. Hakuna anayeomba mashine ya leza iwekwe Masisi kesho, kabla ya chanjo na damu. Lakini tazameni hoja hiyo yaenda wapi. Kwa mgumba wa Kivu siku ya kushughulikiwa haifiki kamwe, maana vita havikwisha mwaka 1996, wala 2003, wala 2013. Kizazi kizima cha wanawake kimezeeka kikiambiwa "ngoja". Tena ugumba huua kwa njia yake: mwanamke aliyefukuzwa hana shamba, hana ukoo, hulala penye hatari, hunywa madawa yasiyojulikana, na mwingine hupigwa kwa kusingiziwa uchawi. Shirika la Afya Duniani laukubali ugumba kuwa ugonjwa, na mwaka 2023 lilisema kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani huupata katika maisha yake. Ugonjwa haugeuki kuwa anasa kwa sababu aliye nao ni maskini.

Na ati mambo haya ni makubwa mno kwa Kivu? Mwaka 1999 Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, nayo yasimamiwa na Waprotestanti wa CEPAC. Daktari Guy-Bernard Cadière wa Brussels, bingwa wa upasuaji wa kamera, alikwenda huko na watu wake wakafanya kazi pamoja, wakawatengeneza wanawake walioharibiwa na vita, kwa laparoskopi. Mwaka 2018 Mukwege alipewa Nishani ya Nobel ya Amani. Basi chombo ambacho watu wasema hakiwezi kufika kwetu kimekwisha kufika Kivu, na mikono ya Wakongo imekwisha kukishika. Kilichobaki ni njia ya kutoka Nyabiondo au Mubi hadi kwenye chombo.

Tena tuseme ukweli juu ya mali. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, hutoka milimani na kuingia katika vipande vidogo vya umeme vinavyotumika katika simu na mashine za dunia nzima, na za hospitali pia. Bati la Bisie latoka Walikale. Kwa mawe njia hupatikana. Wakubwa wa pande zote wanaochukua ushuru wa mawe hayo wasituambie kwamba kwa ajili ya mama mgonjwa njia haipo.

KANISA LASEMA NINI

Wako Wakristo wanaoogopa kwamba kutafuta mtoto hospitalini ni kumjaribu Mungu, au kwamba Kanisa limekataza. Kanisa limekataza kutengeneza mtoto katika chupa badala ya tendo la ndoa. Lakini matibabu ya kuuponya mwili ili mume na mke wazae wenyewe, hayo yaruhusiwa. Hati ya Roma iitwayo Dignitas Personae, ya mwaka 2008, yataja kwa jina upasuaji wa endometriosi na kufungua mirija iliyoziba, ikasema ni halali. Hati ya kabla yake, Donum Vitae ya mwaka 1987, yawahimiza wataalamu waendelee kutafuta njia za kuzuia na kuponya ugumba. Anayesema kwamba mambo haya ni ya kipagani, na azisome.

Na anayesema kwamba ndoa bila mtoto si ndoa, na asome Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084: ugumba haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Mke uliyepewa mbele ya altare ni mke wako akiwa na watoto kumi, na ni mke wako akiwa hana hata mmoja. Mahari haikununua tumbo.

Kumbukeni Ana, mama yake Samweli. Penina alimcheka kila mwaka, lakini Elkana mumewe hakumfukuza. Alimpenda, akampa fungu lake. Lakini alipokuwa akisali kwa uchungu hekaluni, kuhani Eli alimdhani mlevi. Neno hili latuhusu sisi viongozi wa Kanisa, makatekista, na wakubwa wa shirika. Ni mara ngapi mwanamke wa namna hii amekuja kwetu, nasi tukamwambia asali novena nyingine, bila kumwuliza: "Mama, unaumwa wapi? Umekwisha kuona daktari?" Eli alisahihisha neno lake, akambariki. Nasi na tufanye vivyo.

Na juu ya wale manabii wa vyumba vya maombi, wanaouza mafuta na maji na kuwafungisha wagumba siku arobaini, hatuna maneno mengi. Petro alimwambia Simoni mchawi kwamba zawadi ya Mungu hainunuliwi. Anayepokea fedha kwa ajili ya mimba ambayo hakuitibu ni mwizi, ajapovaa kanzu.

YA KUFANYA

Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Yatupasa kufunua.

Ninyi waume: mwaka mmoja wa ndoa ukipita bila mimba, nendeni hospitalini wawili pamoja, na mume apimwe wa kwanza. Asiyekubali kupimwa hana haki ya kumlaumu mtu.

Ninyi wazazi: binti anayelazwa kila mwezi na maumivu ni mgonjwa. Msimwambie avumilie hadi aolewe. Andikeni siku za maumivu yake katika daftari, mpeleke kwa muuguzi pamoja na daftari hilo. Muuguzi akiyaona maumivu yanayofuata mwezi, atajua kwamba yafaa kumtuma mbele.

Ninyi vijana: kisonono si cheo cha uanaume. Kitibiwe mapema, na mwenzi atibiwe pamoja nawe, la sivyo waiziba njia ya watoto wako mwenyewe.

Ninyi wauguzi wa vituo: mashartí ya kutuma mgonjwa ni yenu. Hospitali kuu za Masisi na Walikale, ambazo Madaktari Wasio na Mipaka wamezisaidia kwa miaka mingi, haziwezi kumwona mgonjwa asiyeletwa.

Nanyi shirika za parokia: tunachanga kwa msiba, tunachanga kwa arusi, tunachanga kwa sikukuu ya mapadre. Haba na haba hujaza kibaba. Parokia moja ikichanga ili mgonjwa mmoja afike Goma au Bukavu njia ikiwa salama, mwaka ujao mwingine, mgonjwa aliyekuwa peke yake atakuwa amebebwa na Kanisa zima.

Kisha tuseme na wale ambao, baada ya vipimo na matibabu yote, hawatapata mtoto wa tumbo. Watakuwako. Wasidanganywe. Hati ileile ya 2008 yausifu moyo wa kulea watoto wasio na wazazi. Na katika nchi yetu, ambako vita vimeacha yatima katika kila kambi, nyumba isiyo na mtoto na mtoto asiye na nyumba wakaa jirani bila kujuana. Lakini na wapewe shauri hilo baada ya kutibiwa, wala lisitumiwe badala ya matibabu.

Mama aliyefukuzwa kwa ugumba ameachwa na watu waliokwisha kumhukumu bila kumpima. Hukumu hiyo imekaa milimani kwetu muda mrefu, na serikali haitaivunja, wala askari, wala mzungu. Itavunjika siku ile mume Mkristo wa Masisi au wa Walikale atakapomshika mkewe mkono mchana, machoni pa mama yake na ndugu zake, aseme: "Twaenda kupimwa, nami natangulia."